Mita Sita Baina ya Majirani

Msafiri atokaye Serengeti au Mwanza kwa gari, akavuka mpaka pale Isebania na kupanda kwa njia ya Migori na Kisii, hafiki mji wa Kaplong ila huwa hana budi kukata shauri: ama ashike njia ya kulia iendayo Bomet na Narok hadi mbuga ya Maasai Mara, ama anyooke mbele kuelekea Kericho na Nakuru. Kwa sababu ya njia panda hiyo, katikati ya malori ya majani ya chai na matatu za Litein na Kapkatet, hupita magari ya namna nyingine, yenye kitanda, jiko na tangi la maji ndani yake, na baadhi yake hukokota matrela ya kulala, ambayo wenyewe huyaita karavani. Wenye magari hayo ni wageni wa Ulaya na Afrika Kusini, na siku hizi wamo pia Wakenya wenzetu waliofunga hema juu ya paa la gari. Na jua likikaribia kuchwa, wote huwa na haja moja, nayo ni kipande cha ardhi tambarare, salama, chenye maji karibu, wapate kulala.

Kuwapokea watu hao ni jambo jema na lenye faida, kwani mwenye hoteli au mwenye shamba akiufungua ua wake hupata riziki bila ya kujenga vyumba, na wahenga hawakukosea waliposema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini nionavyo mimi, iko kaida moja isiyotiliwa maanani: kwamba nafasi iliyo baina ya gari na gari ni sehemu ya malazi yenyewe, sawa na paa na godoro, na kwamba si insafu kuiachia murua wa wageni peke yake, yampasa mwenye uwanja aipime na kuitia alama kabla ya mgeni wa kwanza kuwasili.

Sababu ya kwanza ni moto. Gari la kambi ni jiko, chumba cha kulala na tangi la mafuta vilivyokusanywa chini ya paa moja, na juu ya hayo lina mtungi wa gesi na turubai lililokunjuliwa ubavuni. Huko Uingereza, ambako chama cha kwanza cha wenye karavani kiliasisiwa mwaka 1907, kanuni iliyothibiti ni kwamba baina ya ukuta wa gari moja na ukuta wa jirani yake kusipungue mita 6, na hata baada ya maturubai na kamba kutandazwa, kubaki mita 3 tupu ambazo mtu aweza kupita bila ya kujikwaa. Kipimo hicho hakikuwekwa kwa ajili ya anasa, bali kwa kuwa moto ukishika gari moja, nafasi hiyo ndiyo inayowapa watu wa gari la pili muda wa kuamka na kuwatoa watoto wao. Na asiyejua madhara ya kupuuza jambo hili na akumbuke bonde la Mina, tarehe 15 Aprili 1997, siku ambayo moto wa majiko ya gesi, ukipeperushwa na upepo katika mahema yaliyosongamana, uliteketeza mahema yapatayo 70,000 na kuwafisha mahujaji zaidi ya 300. Ndipo serikali ya Saudia ilipoyaondoa mahema yale ya kitambaa, ikaweka yasiyoshika moto na kupiga marufuku mitungi ya gesi.

Sababu ya pili ni stara. Ukuta wa karavani ni mwembamba, na mtu alalaye ndani yake husikia kikohozi cha jirani, ugomvi wa mume na mke, na mlango wa gari ufungwao usiku wa manane. Ndiyo maana wasafiri waliolelewa katika desturi hii huyaelekeza magari yao upande mmoja, ili mlango wa huyu usitazamane na mlango wa yule. Ndiyo maana hawakatizi katika kiwanja cha mtu kwa kufupisha njia ya chooni, hawawashi jenereta baada ya watu kulala, wala hawatandazi viti na kamba kushika nafasi ya marafiki ambao bado wako Kisii. Na lipo kosa moja linaloudhi kuliko yote, ingawa alitendaye hudhani ametenda wema: uwanja ni mtupu, gari ni moja tu, limejitenga pembeni chini ya mti, na mgeni wa pili, badala ya kuchagua kona yake, huja akasimama ubavuni pa yule wa kwanza. Labda ametafuta usalama wa kuwa wawili. Lakini na atoe salamu kwanza, aulize, kisha asogee kando.

Taratibu hizi si mambo ya kizungu tuliyoletewa jana. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, yenye wapagazi mamia kwa mamia, haikulala ovyo ovyo: wapagazi walijigawa makundi madogo ya watu wa chungu kimoja, kila kundi likajenga kibanda chake na kuwasha moto wake, na robota za nguo na pembe zikakusanywa karibu na hema la mkuu wa msafara ili zilindwe. Watu wale walitembea pamoja miezi mingi, wakajuana kwa majina na kwa tabia, na bado hawakuweza kulala pasipo mpango. Sembuse watu waliokutana jana jioni, wasiojua lugha ya wenzao, na ambao kesho alfajiri kila mmoja atashika njia yake!

Tena ardhi ya Kaplong ina masharti yake, ambayo kanuni za Uingereza hazikuyazingatia. Huku ni nchi ya miinuko na mabonde, mvua hunyesha alasiri baada ya alasiri, na pande hizi za Kericho na Bomet zajulikana kwa mvua ya mawe. Udongo wetu mwekundu ukilowa huteleza, na gari zito lililosimama mteremkoni laweza kumshukia jirani wa chini bila ya dereva kugusa usukani. Kwa hiyo magari yakae kwa kukingamana na mteremko, kila gari na mawe nyuma ya magurudumu yake, na asiwepo mtu aliyelala moja kwa moja chini ya mwingine. Maji yaliyooshewa vyombo nayo hufuata mteremko: yakimwagwa juu hupita katika hema la aliye chini, kisha huingia kijitoni, kutoka huko katika mto Kipsonoi, na hatimaye kwa njia ya Sondu hufika ziwa Viktoria. Na pale uwanja unapopakana na chai, ibakizwe njia pana kando ya michai, kwa kuwa wachumaji huingia shambani asubuhi na mapema, nao wana haki ya kupita na vikapu vyao bila ya kuruka kamba za hema.

Wako watakaosema kwamba haya yote yatatengenezwa na adabu, na kwamba kumwekea mgeni mipaka ni kumvunjia heshima. Nawajibu kwamba hata katika mbuga zetu, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori hutenga viwanja vya kambi vya watu wote na vile maalumu ambavyo kundi moja hulipia likakaa peke yake. Maana yake ni kwamba faragha ina thamani inayojulikana, na asiyeweza kuinunua nzima anastahili walau kiasi chake. Na Wakipsigis wenyewe, ambao ukarimu wao wa maziwa ya mursik hauhitaji shahidi, hawakuuacha ujirani uongozwe na hisani tu: walikuwa na kokwet, baraza la wazee wa ujirani, la kuamua mashauri ya watu wanaokaa karibu karibu. Anayepanda chai katika pande hizi huweka miche kwa futi 4 kwa 2 na nusu, wala haoni kwamba kamba yake ya kupimia inautukana mche.

Wengine watalalamikia hasara. Basi na tuhesabu. Gari la upana wa mita 2 na nusu na urefu wa mita 7, likipewa mita 6 ubavuni na mita 6 nyuma yake, hutwaa mita 8 na nusu kwa 13, yaani kama mita za mraba 110. Nusu ekari ina mita za mraba 2,023 hivi. Ukitoa theluthi kwa njia, vyoo na bomba la maji, hubaki nafasi ya magari 12. Idadi hiyo si haba kwa mji wa njia panda, na ambaye ataisukuma iwe mara mbili atapata fedha za usiku mmoja, kisha wageni wataonyana huko mbele njiani, wapite Kaplong bila ya kupunguza mwendo.

Kwa hiyo rai yangu ni kwamba kila mwenye ua anayetoza fedha za kambi apige kamba, aweke mawe yaliyopakwa chokaa kuonyesha kona za kila kiwanja, na atoze kwa kiwanja wala si kwa kichwa cha gari, ili asiwe na tamaa ya kuongeza. Serikali ya Kaunti ya Bomet, itoapo leseni kwa biashara za namna hii, iandike kipimo hicho cha mita 6 katika masharti yake, pamoja na ndoo za mchanga na vizimamoto. Gharama yake ni chokaa, kamba na nusu siku ya kazi ya watu wawili. Na mgeni atakayefika saa mbili usiku, mvua ikinyesha, ataliona jiwe jeupe kwa taa za gari lake na kujua pa kusimama, bila ya kumwamsha mtu yeyote.