Baba Mwenye Kupenda Pori



Ukienda kwenye kilio cha muzee wa kambi hapa kwetu, karibu kila mara utasikia habari ya namna moja. Mutu anasimama, anasoma karatasi: alizaliwa mwaka fulani, aliingia kazi mwaka fulani, namba yake ya kazi ilikuwa hii, alitumika miaka 30, anaacha muke na watoto saba. Kisha wimbo, kisha maombi. Karatasi ile haidanganyi. Lakini inahesabu tu saa zenye baba aliuzisha. Zile zake mwenyewe, za siku ya posho mangaribi na siku ya Mungu tukitoka kanisani, nani anazisoma?

Saa za baba yetu zilikuwa za pori. Siku sita alikuwa kwenye moshi na kelele ya kiwanda cha kuyeyusha mukuba. Ya saba alipanda kinga yake, na kopo la minyoo limefungwa nyuma, akateremuka kwenye Lufira. Mara nyingine alifika mupaka kwenye ziwa Tshangalele, ile maji yenye ilijaa kisha kujenga barrage ya Mwadingusha karibu na mwaka 1930. Samaki alirudi nao ao alirudi bila. Mama hakukasirika tena; alijua kwamba alienda kupumua.

Vijana, musifikiri ilikuwa mambo ya mutu mumoja. Babu zenu wengi walitoka vijijini na elimu yote ya pori kichwani. Tangu mwaka 1928 hivi Union Minière ilianza kuwaandika kazi kwa miaka mitatu mitatu, ikawapa nyumba na posho ili wakae pamoja na wake na watoto. Watoto wenye kuzaliwa kambini walijifunza sirene, shule na mupira. Wazee walijifunza sirene pia, lakini jina la muti hawakulisahau.

Baba alikuwa anatupeleka kwenye vilima vyenye upara, kule miti inakataa kuota kwa sababu mukuba ni mwingi katika udongo. Alituonyesha ua dogo la zambarau. «Hili linakula mukuba,» alisema. Nilifikiri ni mzaha wake, kwa maana alikuwa na mizaha mingi. Kumbe wenye elimu wanalijua sana: wanaliita Haumaniastrum katangense, na linapenda hata mahali wazee wa zamani waliyeyushia mukuba mbele ya wazungu kufika. Watu wenye kuchunguza mambo ya kale walilifuata ua hilo, wakapata tanuru za zamani. Kwenye vilima vile kuna majani mengine yenye haipatikane pengine duniani, na kilima kikichimbwa chote, yanaenda nacho.

Mwaka 2003 na 2004, wakati watumikaji zaidi ya 10,000 wa Gécamines walitolewa kazini kwa ile yenye iliitwa «kuondoka kwa kupenda», baba alikuwa ndani ya hesabu. Wenzake wengi walikaa mbele ya nyumba, wakingojea. Yeye alikuwa na shamba kando ya mutoni, na kipande cha pori nyuma yake. Kuanzia siku ile, bukari na mboga ya nyumba yetu vilitoka kule.

Kipande kile alikichunga kwa akili. Mwezi wa tano ao wa sita, majani yakiwa bado na maji kidogo, aliyachoma mwenyewe polepole, ili moto mukali wa mwezi wa tisa na wa kumi usikute kitu cha kula. Muti wa mutondo hakuukata hata siku moja, kwa sababu ya finkubala. Mvua ikianza, uyoga ulitoka. Masuku yalianguka, watoto wa jirani waliokota bila kuomba ruhusa. Kwenye kichuguu kikubwa alisema tusiguse udongo wa upande wa juu, kule unaota ule uyoga mupana kama mwamvuli. Watengeneza matofali walimuona muchoyo.

Alipokufa, siku arobaini hazijatimia, mutu wa makala alifika na franga mukononi. Alitaka pori yote. Yaya wetu mukubwa alisema tuuzishe. Nataka niseme wazi: yaya si mutu mubaya. Deni ya hospitali ilikuwa kwa jina lake, na watoto wake wawili walikuwa wamefukuzwa masomo. Dada yetu akamujibu, «Unataka tuzike baba mara mbili?» Yaya akauliza kama finkubala wanalipa minerval. Tulikaa mupaka usiku, na chai ikaisha.

Tuligawanya. Tuliuzisha miti ya upande wa barabara tu, na tulipatana kwamba wataikata chini kabisa, karibu na udongo, kwa maana baba alitufundisha kwamba kisiki kifupi kinachipuka tena kama moto haukifikii. Mitondo ilibaki. Bei ilipunguka karibu nusu, deni haikuisha, na yaya hajafurahi mupaka leo. Sitamuhukumu. Mutu akikuambia kwamba kumbukumbu ya baba haina gharama, muulize alilipa nini.

Sasa wewe kijana, kama baba yako angali anapumua, usingojee karatasi ya kilio. Mufuate siku moja. Umubebee maji. Uliza jina la kila muti kwa luga ya kwao, uliza unatibu nini, unaota wapi, nani alimuonyesha. Telefone yako inakamata sauti. Iache imukamate muzee. Na siku ya kilio ikifika, musomaji wa karatasi aongeze mustari mumoja ao miwili kisha namba ya kazi.

Mutoto wa yaya, yule mwenye kurudi masomo sasa, alianza daftari. Anabandika majani, anaandika: mupundu, musuku, mutondo, mulombwa wenye kutoa maji mekundu kama damu. Matatu hakuna mutu nyumbani mwenye kuyajua. Shangazi, dada ya baba, angali kijijini, macho yake ni mazima. Barabara ikikauka, mwezi wa tano, tutamupelekea daftari na kinga ile ile.