Sheria Imtazame Mwenye Mbwa

Hapana mtu mwenye akili timamu atakayeilaumu Serikali inayotunga sheria ya kuwalinda watoto na meno ya mbwa. Usalama wa binadamu hutangulia starehe ya mfugaji. Hata hivyo, sheria njema ni ile inayomkamata mkosaji, siyo ile inayomkamata anayefanana naye. Uingereza imelijaribu jambo hili kwa zaidi ya miaka 30, na mafunzo yake yanamhusu kila mtu ambaye kazi yake ni kutunga kanuni, kuzitekeleza au kuzifundisha.

Mwezi Mei 1991 mtoto wa kike wa miaka 6 alijeruhiwa vibaya na mbwa mjini Bradford. Wananchi walighadhibika, magazeti yakapaza sauti, na Waziri wa Mambo ya Ndani wa wakati huo, Kenneth Baker, akapeleka muswada Bungeni. Mwezi Agosti sheria ilikwisha anza kutumika. Mwaka huo huo aina 4 za mbwa zilipigwa marufuku: pit bull terrier, Tosa wa Japani, Dogo Argentino na Fila Brasileiro.

Kasoro ya sheria hiyo ilikuwa katika msingi wake. Mbwa huhukumiwa kwa umbo, wala si kwa tendo. Na mwenye mbwa akishtakiwa kwamba mnyama wake ni wa aina iliyokatazwa, yeye ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba sivyo, ingawa desturi ya mahakama ni kwamba mshtaki ndiye huthibitisha shtaka lake. Wahenga walisema samaki mmoja akioza, wote wameoza. Huo ni wosia mzuri kwa muuza samaki. Kwa hakimu ni hatari.

Orodha hiyo haikuzuia kuja kwa mbwa mwingine. American Bully XL, mbwa mnene mwenye nguvu nyingi, alienea nchini humo bila kutajwa popote katika sheria, na watu wakauawa. Serikali ikamwongeza katika orodha. Tangu tarehe 31 Desemba 2023, katika England na Wales, ilikatazwa kumzalisha, kumuuza wala kumgawa. Na tangu tarehe 1 Februari 2024 ni kosa kuwa naye bila cheti maalumu. Dume lenye kimo cha sentimeta 51 mabegani, likiwa na dalili nyingine za umbo zilizotajwa, limo katika marufuku.

Aliyetaka kubaki na mbwa wake alitakiwa kulipa paundi 92.40, kumhasi, kumkatia bima, na kumfunga kamba na mdomo kila atokapo hadharani. Mwenye nacho alilipa. Asiye nacho hakuruhusiwa hata kumpa jirani. Alibakiwa na njia ya kumpeleka kwa mganga wa mifugo auawe, na Serikali ikamfidia paundi 200, gharama ya kuua ikiwa ndani yake. Mfanyabiashara aliyezalisha na kuuza kabla ya tarehe ile alikwisha tia faida yake mfukoni.

Wapo wanaosema kwamba mbwa mkubwa akiuma huua, na mdogo akiuma hujeruhi tu. Hoja hiyo ni nzito, na wazazi waliofiwa wana haki ya kusikilizwa kwanza. Lakini inachothibitisha ni kwamba mwenye mbwa mwenye nguvu abanwe zaidi. Damu ina nafasi yake. Malezi nayo yana nafasi yake. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na walimu wanalijua hilo kuliko wengine. Mbwa aliyefungwa mnyororo mchana kutwa, akapigwa na kuchokozwa ili awe mkali, ni kazi ya mikono ya mtu.

Ajabu ni kwamba mwaka 1987, miaka 4 tu kabla ya marufuku, Uingereza ilifuta leseni ya mbwa katika England, Scotland na Wales. Ada yake ilikuwa peni 37. Dola ikaacha kumwandikisha mwenye mbwa, kisha ikaanza kumpima mbwa! Uholanzi nayo ilipiga marufuku pit bull mwaka 1993. Mwaka 2008 ikatangaza kuifuta sheria hiyo, kwa kuwa haikuonekana kupunguza idadi ya watu wanaoumwa.

Kwa hiyo basi, njia iliyo bora ni leseni kwa kila mfugaji, yenye ada ambayo hata mnyonge ataimudu. Mafunzo ya lazima kwa anayetaka mbwa mkubwa. Ukaguzi wa wanaozalisha mbwa kwa biashara. Na adhabu kali kwa mwenye mbwa anayepuuza onyo la kwanza, kabla damu haijamwagika. Kazi hiyo ni ndefu, na inahitaji maofisa wa kutosha na fedha. Kuandika orodha ni rahisi zaidi, lakini orodha haijamlinda mtoto aliyeumwa na mbwa asiyekuwamo.