Mwindaji Ndani ya Kioo

Ndugu msomaji, usidanganyike na upole wa samaki. Mtazame frontosa wa Ziwa Tanganyika, mwenye mistari myeusi na nundu kichwani. Mchana huenda polepole kama mzee apungaye upepo. Lakini huko ziwani alfajiri huwavamia samaki wembamba wangali usingizini. Ndani ya tangi la kioo tabia ni ile ile. Yeyote aeneaye kinywani mwake ni chakula, hata wakiwa wamekaa pamoja miezi mingi.

Akikomaa hufikia sentimita 30. Kikundi kidogo chao chahitaji tangi la lita 500 hivi, mawe yenye mapango, maji magumu yenye joto la nyuzi 25, na majirani wanene wasiomezeka.

Apewe kamba waliomenywa na vipande vya samaki. Mafuta ya ng'ombe hayamfai. Wako wamtupiao samaki hai ili watoto watazame. Mchezo huo mimi siupendi, maana samaki hao huweza kuingiza maradhi. Mkubwa asipolishwa siku moja kwa juma hadhuriki. Mabaki yaondolewe upesi, kwani yaozapo hutoa amonia, nayo ni sumu kwa samaki wote tangini.