Vichaka vya Juu ya Hanang Si Takataka

Twasikia neno baya hapa Bashay, tena vinywani mwa watu wajuao kusoma, walioweka ng'ombe wao kwa jamaa zao chini ya mlima Hanang. Husema, "Msitu una maana, kwa kuwa una miti mikubwa, bali vile vichaka vya juu, vifupi, vyenye vijani vyembamba kama sindano, havitoi mbao wala boriti. Vichomwe, yaote majani mabichi."

Twakanusha. Mlima ule, wenye kimo cha karibu mita 3,420, ni hifadhi iliyo mikononi mwa Wakala wa Huduma za Misitu, wala faida yake haikomi penye miti mirefu. Ukungu ukifunika kilele, vile vijani huunasa, matone yakashuka, na udongo ukayaweka kwa ajili ya chemchemi za chini. Je, boriti hukata kiu? Maua yake nayo hulisha nyuki. Kichaka kikiungua mara moja huweza kuchipuka shinani. Kikichomwa mara kwa mara hufa hata mizizi, na mvua huchukua udongo mtupu.

Tena wako wasemao vibaya zaidi. Tarehe 3 Desemba 2023 matope, mawe na magogo yalishuka toka Hanang juu ya Katesh na Gendabi, wakafa watu zaidi ya 80. Wengine wakanong'ona ati ni dhambi za watu wa Katesh. Ndugu, someni habari za mnara wa Siloamu, mwone Bwana alivyowajibu wenye mawazo hayo. Wala hatusemi kwamba moto ndio uliouangusha mlima: serikali ilieleza kuwa sehemu yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ikameguka. Lakini mlima uliokwisha kutuonyesha udhaifu wake, ni akili gani kuuvua nguo?

Mfugaji ana haki ya kuuliza ng'ombe wake watakula nini wakati wa kiangazi. Swali hilo si la kuchekwa. Twajibu: majani ya bondeni yakatwe na kukaushwa mapema, na mabua ya mahindi yawekwe ghalani, yasichomwe shambani. Wazee wa kanisa wana ng'ombe wengi kupita sisi walimu. Na waanze wao, mavuno haya yajayo.