Tiketi ya msimu si hisa

Mfanyabiashara anayelipia mahindi yakiwa bado shambani anajua anachokifanya. Anatoa fedha leo, anabeba hatari ya mvua, na badala yake anapewa bei nafuu. Mavuno yakiwa mazuri, tofauti ya bei ni mali yake. Mjini Winnipeg, Kanada, wako maelfu ya wanunuzi wa aina hiyo, isipokuwa bidhaa yao ni mechi za hoki ya barafuni. Hatari wanaibeba kama kawaida. Nafuu ndiyo isiyoonekana.

Mchezo wenyewe ni mpira wa magongo unaochezwa kwa viatu vya kutelezea juu ya barafu. Ligi kubwa, NHL, ina timu 32 za Marekani na Kanada. Msimu huanza Oktoba, mechi za kawaida huisha Aprili, na mtoano wa Kombe la Stanley huendelea hadi Juni. Kwa miaka mingi kila timu ilicheza mechi 82, nusu yake nyumbani, na mkataba ulioridhiwa mwaka 2025 umeziongeza kuwa 84 kuanzia msimu wa 2026-27. Mnunuzi wa tiketi ya msimu huchukua mechi zote za nyumbani kwa mkupuo, ikiwamo ile ya Jumanne usiku mwezi Januari, baridi ikiwa nyuzi 30 chini ya sifuri na mgeni akiwa timu inayoburuza mkia.

Ni wachache wanaoweza kuhudhuria zote. Kiti kimoja hugawanywa na ndugu, majirani au wafanyakazi wa ofisi moja, na mechi zinazobaki huuzwa. Toronto au Montreal wakija, bei huruka, kwa sababu wapenzi wa timu hizo wametapakaa Kanada nzima. Fedha hiyo ndiyo hufidia Jumanne ya Januari. Wenye timu hawampendi anayeuza namna hiyo, wakimwona mlanguzi, lakini bila yeye hesabu za msimu kwa familia ya kawaida haziwezi kukaa sawa.

Siku hizi hata hesabu hiyo imevurugika. Tiketi huuzwa na kununuliwa tena kwa simu hadi dakika za mwisho, na mechi isiyo na mvuto inaweza kushuka chini ya bei aliyolipa mwenye tiketi ya msimu. Jirani yake wa kiti amenunua mchana ule ule kwa bei ya chini na hajafungwa na mkataba wowote. Katika soko lolote, mnunuzi wa jumla akilipa zaidi ya mnunuzi wa rejareja, jumla haitadumu.

Winnipeg inalifahamu jambo hili kwa uchungu. Timu ya kwanza ya mji huo, Jets, iliingia NHL mwaka 1979 na kuondoka 1996 kwenda Phoenix, Marekani. Mapato yalikuwa kwa dola dhaifu ya Kanada na mishahara kwa dola ya Marekani, ugonjwa ambao kila mwagizaji wa bidhaa kutoka nje anaujua. Mwaka 1995 wananchi walichanga kuinusuru, watoto wakivunja vibubu vyao. Haikusaidia.

Mwaka 2011 tajiri David Thomson na mwenzake Mark Chipman walinunua timu ya Atlanta na kuihamishia Winnipeg, kwa gharama iliyoripotiwa kuwa dola milioni 170 za Marekani pamoja na ada ya kuhama. Sharti lao lilikuwa tiketi 13,000 za msimu, kwa mikataba ya miaka mitatu hadi mitano. Zilizotolewa kwa umma zilikwisha chini ya nusu saa. Huo, kwa lugha ya biashara, ulikuwa mtaji.

Februari 2024 Chipman alieleza kwamba tiketi hizo zimeshuka kutoka karibu 13,000 hadi chini kidogo ya 9,500, na kwamba kwa muda mrefu hali hiyo haiwezekani. Kwa mtu wa Winnipeg, maneno hayo yana mwangwi wa 1996.

Mwenye timu ana haki ya kutaja hesabu zake, na hoja yake ina uzito. Uwanja una viti takriban 15,000 tu. Ukomo wa mishahara ya wachezaji wa timu moja ulikuwa dola milioni 39 msimu wa 2005-06, ukafika milioni 95.5 msimu wa 2025-26. Lakini daftari lina ukurasa wa pili. Ottawa, mji mwingine wa Kanada, timu yake iliuzwa mwaka 2023 kwa dola milioni 950. Na ile iliyohama Winnipeg 1996? Wachezaji na mali zake za mchezo zilihamishiwa Salt Lake City mwaka 2024 kwa dola bilioni 1.2. Thamani inapopanda, faida ni ya mwenye timu. Viti vinapobaki vitupu, lawama ni ya shabiki. Mgawanyo huo mwekezaji mdogo angeukataa kwenye kampuni yoyote nyingine.

Anayetaka umiliki na aununue kwa jina lake, huku akisoma waraka wa mauzo. Timu ya Florida Panthers iliuza hisa zake kwa umma mwaka 1996, kisha kampuni ikaingia kwenye mahoteli, ikabadili jina kuwa Boca Resorts, na mwaka 2001 ikaiuza timu yenyewe. Aliyenunua hisa kwa mapenzi ya mchezo alijikuta mshirika wa vitanda na mabwawa ya kuogelea. Hata hivyo alikuwa na hati inayouzika sokoni, jambo ambalo mwenye kiti hana.

Winnipeg ikitaka 13,000 wake warudi, iwauzie kama jumla inavyouzwa: bei isiyopanda kwa miaka ya mkataba, na ruhusa ya kurudisha mechi chache kila msimu bila adhabu. Msimu wa 2024-25 Jets iliongoza ligi nzima kwa pointi 116, kisha ikatolewa na Dallas katika raundi ya pili ya mtoano. Kama hata mwaka kama huo haumhakikishii shabiki mechi za Juni, basi anayepewa bei sawa na ya mlangoni achague mechi zake kumi za kununua kwa simu, na Jumanne ya Januari klabu iiuze yenyewe.