Kitabu cha Utotoni Kisomwe Tena

Ndugu msomaji, fungua lile sanduku la vitabu vya zamani, ukitoe kile ulichokuwa ukikisoma kwa mwanga wa chemli, umelala kifudifudi mkekani. Usikitoe kukipangusa vumbi tu na kukirudisha. Kisome tena, toka mwanzo hadi mwisho.

Utasema hadithi ile unaijua. Hata mimi nilidhani naijua Adili na Nduguze ya Shaaban Robert. Shuleni tuliisoma wanafunzi wanne nakala moja, mwalimu akatuandikisha sifa za wahusika: Adili mwema, Hasidi na Mwivu wabaya, na majina yenyewe yanasema. Tukajibu mtihani, tukapata alama zetu, yakaishia hapo. Kilichonikaa kichwani ni manyani wawili wanaochapwa kila usiku. Wakati wa mapumziko tuliigiza kipigo kile uwanjani, tukigombania nani awe Adili.

Mwaka jana nilikirudia. Jalada limekwisha kutoka, na pembeni mwa kurasa mna majibu ya mtihani kwa penseli, mwandiko wangu wa kitoto. Nilikuwa nimetoka katika kikao cha mirathi ya baba yetu. Hati ya shamba iko mezani, ndugu tumeizunguka, na hapana aliyemtazama mwenzake usoni. Nikafika pale Adili anapokwisha kuwachapa manyani wake, akalia, kisha akawalisha. Nikakiweka kitabu chini.

Utotoni sikumwona Adili akilia. Maneno yalikuwapo, lakini macho yangu yaliyaruka yakitafuta kipigo kingine. Safari hii nilimwona mtu aliyelazimishwa kuwaadhibu nduguze waliogeuzwa manyani, wale aliowashirikisha mali yake nao wakamtosa baharini kwa husuda. Amri ni ya jini Huria, mkono ni wake Adili. Hawezi kuacha, wala hawezi kuzoea. Na msamaha haukupatikana baina yao wenyewe. Ilibidi mfalme Rai aingie kati, awaombee kwa Huria, ndipo wakarudishiwa ubinadamu wao. Wiki ile ile nilimwendea mjomba wetu, nikamsihi aje akae nasi.

Sasa nauliza: mtoto wa miaka kumi na miwili angeyaonaje hayo? Hajarithi kitu, hajadhulumiwa na wa tumbo moja naye. Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909, na kitabu hiki kilitoka mwaka 1952, yeye akiwa mtu wa makamo. Alitia humo aliyoyajua mtu wa umri huo. Sisi tumekabidhiwa tungali wadogo, tumekifunga siku ya mtihani, na mpaka leo twasema tumekisoma. Hiyo ni dhuluma kwa mwandishi, na hasara kwetu.

Si kila kitabu kitakupa hayo. Vingine nilivyovimeza usiku kucha nilipovirudia sikufika katikati, nikaviacha bila kinyongo. Lakini usivihukumu kabla ya kuvifungua. Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla iliyotoka mwaka 1960, niliikimbiza zamani nikitaka kumjua muuaji tu. Niliporudi nikiwa namjua tayari, ndipo nikapata nafasi ya kumsikiliza mpelelezi Bwana Msa anavyosema, na utamu wa Kiswahili cha Unguja ukanikalisha barazani hadi magharibi.

Wazee wenzangu, tunawalalamikia watoto kwamba hawasomi, nao hawajatuona hata siku moja tumeshika riwaya. Wanatuona na simu. Anza wewe. Chagua kitabu kimoja, kurasa kumi kila usiku baada ya chakula, kwa sauti, wenye kutaka kusikiliza wasikilize. Hapana sifa za wahusika za kuandika safari hii, wala alama. Na ukishakimaliza, mpelekee yule ndugu yako ambaye hamjasemezana tangu matanga.