Tusiitupe Bustani Yetu ya Kioo

Naomba nafasi kidogo gazetini mwetu nijibu maneno yasemwayo mabwenini juu ya lile sanduku la kioo lililo dirishani mwa maabara. Wako wanaotaka litolewe, ati bromelia zilizomo zitatuletea mbu na malaria.

Neno hilo si upuuzi. Bromelia ni jamaa za mnanasi, na kwao ni Amerika. Nyingi hukaa juu ya miti, wala hazinyonyi mti. Hukinga mvua katikati ya majani yao kama bakuli. Kisiwani Trinidad, miaka ya 1940, mbu wa malaria walizaliana ndani ya mabakuli hayo, juu ya miti ya kivuli katika mashamba ya kakao, hata ikabidi miti inyunyiziwe mrututu ili bromelia zife.

Lakini zetu si hizo. Zetu ni kriptanthusi, asili yake Brazili, ziotazo chini udongoni. Majani yake yamelala kama nyota, hayana bakuli la kukinga maji. Mwenye shaka na aje achungulie. Kuzifukuza kwa kosa la bromelia za Trinidad ni kumchapa mtoto kwa kosa la binamu yake.

Tena, ni mmea gani mwingine wa chunguni hapa shuleni unaostahimili likizo? Maua ya barazani hukauka kila tufungapo. Humu sandukuni chini mna kokoto, juu yake makaa, kisha udongo uliochanganywa na mchanga. Mvuke ukipanda hugeuka matone kiooni, yakarudi udongoni. Kifuniko twakiacha wazi kidogo, maana pasipo hewa majani huoza. Jua kali ndilo adui, kwani kioo hugeuka tanuri. Daktari Nathaniel Ward wa London alianza kuyatambua mambo haya mwaka 1829, alipoona kangaga limeota ndani ya chupa iliyofungwa; baadaye masanduku ya namna hiyo yalisafirisha miche baharini kwa miezi mingi.

Sisi wa Kidato cha Nne twaondoka karibu. Kriptanthusi huchanua mara moja, kisha hufa polepole, lakini kama mgomba huacha wana. Kubwa letu limekwisha chanua, na ubavuni pake yametoka machipukizi mawili. Kidato cha Pili wakiyataka, waje maabara Jumamosi baada ya usafi, niwaonyeshe namna ya kuyabandua.